Kiti cha Makasia

Jumanne, 3 Juni

Mvua. Jana mvua. Juzi mvua. Asubuhi nimefungua mlango, kondoo wa jirani yangu Farquhar kasimama chini ya dirisha langu, ananitazama kama mtu anayesubiri chai. Nikamwambia ingia basi, ila ufute miguu.

Leo nimepanda kilima mpaka kwenye rundo la mawe. Mwendo wa kijana! Haya — sikufika juu. Nilifika kwenye geti. Haya, haya — geti nililiona. Lakini nililiona vizuri.

Rhona kaja na habari. Rhona ndiye bosi wetu hapa kituoni, mwaka wa pili sasa, mtoto wa mjini, mchapakazi, anatembea kama ameitwa polisi. Mimi namwita Kamanda. Kasema kamati ya elimu ya Bunge inakuja hapa Lurach. Waheshimiwa wenyewe, kutoka Edinburgh! Kuna muswada mezani kwao: kila mtoto wa shule Uskoti nzima, wa tajiri na wa maskini, apate mara moja kulala mahali kama hapa. Ziwa, mlima, matope, uji. Sasa wanazunguka kuuliza kama jambo lenyewe lina faida, na pesa zitoke wapi.

Nikamwuliza, na usipopita?

Akaangalia mvua. Halmashauri imeshasema, Mzee Lachie. Usipopita, Oktoba tunafunga.

Miaka arobaini na tatu nipo hapa: boti, boila, mabuti, soksi. Mtoto yeyote aliyewahi kulowa kwenye ziwa letu, Loch Lurach, akakauka, nimemkausha mimi.

Kamanda akamalizia: siku hiyo, mzee wangu, naomba uufunge mdomo. Ati naongeza chumvi! Mimi! Mtu niliyewahi kuvua samaki mpaka ziwa likapungua kina!


Alhamisi, 5 Juni

Bado mvua. Hakuna watoto wiki hii. Shule iliyokuwa ije imeghairi — nusu ya wazazi hawakumudu, na mwalimu mkuu akasema hawezi kuleta nusu na kuacha nusu. Mtu mwema. Lakini vitanda vitupu.

Nyumba bila watoto ina mlio wake. Bomba linalia, nadhani mtu ananiita.

Zamani! Kila Jumatatu, basi la halmashauri. Hakuna mzazi aliyeulizwa kitu. Watoto wa machimbo ya makaa, watoto wa viwanda vya meli, wamekunjamana kama karatasi, wengine wametapika toka njiani. Wanashuka, wanatazama mlima, mmoja lazima aulize: nani kauweka hapo? Namjibu: mimi, na nilitumia toroli.

Na Peigi wangu mlangoni na mwiko. Peigi alipika hapa miaka yote ile mpaka alipougua. Uji wake wa shayiri ulikuwa wa chumvi, ndiyo desturi yetu, na watoto wa mjini wakikodoa macho kutafuta sukari. Peigi akiwaambia: sukari ipo juu ya kilima, pandeni mkaichukue. Wapo waliopanda wakiamini! Wakarudi na njaa, wakala uji wa chumvi mpaka sufuria ikalia.

Siku ya mwisho kila mtoto anaokota jiwe ufukweni, analibeba mpaka juu, analiweka kwenye rundo. Hilo si letu la kituo, ni la mababu. Mtu wa huku akitaka kukuambia hatakusahau anakuambia: nitaweka jiwe kwenye rundo lako. Basi. Hakuna barua, hakuna machozi. Jiwe.

Rundo lile sasa limenizidi urefu. Mimi ni mrefu sana, lakini limenizidi.

Nimeingia banda la boti kutafuta kamba, nikakikuta kiti. Kiti cha makasia! Nilikuwa nimekifunika na turubai. Kiti cha jikoni cha Peigi, kimefungwa katikati ya makasia mawili marefu. Mwaka ule alikuja mtoto Archie, miguu yake ilikuwa kwenye vyuma, na mwalimu wake akasema siku ya mlima Archie abaki chini amsaidie mama wa jikoni kumenya viazi. Peigi akafuta mikono. Kasema: Lachie, viazi vyangu havijaomba msaada. Akakisukuma kiti kwa mguu mpaka mbele yangu.

Tulimbeba kama sultani. Njia nzima anaimba matusi ya mashabiki wa mpira. Mwalimu akawa anajifanya hasikii.

Nimekifuta vumbi. Kamba zimeoza. Mbao bado ni nzima.


Jumapili, 8 Juni

Kanisani. Mchungaji kaomba amani duniani na siku moja kavu kwa Lurach. Watu waliitikia la pili kwa nguvu zaidi.

Nje, Farquhar mwenye kondoo ananichokoza: Lachie, nasikia wabunge wanakuja kukukamata kwa uongo. Nikamwambia wanakuja kujifunza, wao bado wanafunzi. Akacheka mpaka meno ya juu yakataka kutoka.

Nimemwahidi Kamanda siku ya jua. Alhamisi wakija waheshimiwa, nimemwambia, jua litawaka, andika jina langu. Ninajuana na hali ya hewa tangu ikiwa ndogo.


Alhamisi, 12 Juni

Mwili mzima unawasha. Ngoja nianze mwanzo.

Jua! Nililiahidi, likaja. Asubuhi hakuna hata wingu la kufutia kamasi. Kamanda nusura anibusu. Mzee Lachie, leo nakusamehe yote! Kapanga meza uwanjani mbele ya ziwa. Vitambaa vyeupe, vimkate vya skoni, jemu, majina ya waheshimiwa kwenye vikadi. Kafungua madirisha yote ya nyumba iingie hewa. Mimi nimesimama na kikombe changu. Nikalowesha kidole mate, nikakiinua juu. Kimya. Hakuna jani lililotikisika. Ziwa kama sinia.

Hapo ndipo nilipojua kosa langu. Niliagiza jua nikasahau kuagiza upepo.

Mtu wa huku anajua: mvua ni ndugu, upepo ni rafiki, lakini jua bila upepo mwezi wa sita — mama yangu! Nikamwendea Kamanda. Turudishe meza ndani, dada. Akasema tumepata siku moja ya jua, mzee, na wewe unataka tukae gizani? Funga mdomo kama tulivyokubaliana. Nikaufunga. Mimi ni mtiifu sana nikiudhiwa.

Basi likafika. Mwenyekiti wao ni mama mmoja, Bi. Elspeth Tulloch, mwili mkubwa, sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya pili. Nilimpenda papo hapo. Nyuma yake Mheshimiwa Struan Haldane, mrefu, mwembamba, viatu vinang'aa mpaka kondoo wakajiangalia. Wengine sikushika majina. Usubi, vile vijidudu vyetu vya kuuma, uliwajua kabla yangu.

Haldane ndiye aliyeuliza sana. Pesa zitatoka wapi? Kila jibu, pesa zitatoka wapi? Nikambatiza moyoni: Bwana Pesa-Wapi. Lakini niseme haki, hakuwa mjinga. Kasema kule jimboni kwake kuna shule paa linavuja, watoto wanasogeza madawati wakikwepa matone. Kuna shule haina mwalimu wa hesabu tangu Krismasi. Nikienda kwa wale wazazi, kasema, niwaambie nini? Kwamba hela nimezipeleka kwenye mitumbwi?

Kamanda akafungua mdomo ajibu. Ndipo karani wao akajipiga kofi la shingo. Paa!

Halafu Haldane. Paa! Paa! — katikati ya bajeti. Halafu meza nzima. Ungedhani ni harusi, watu wanapiga makofi. Bi. Tulloch kainuka, kapunga karatasi usoni: jamani, ni nini hiki?

Nikashindwa kuvumilia. Ni wenyeji, mheshimiwa, wamekuja kutoa maoni.

Kamanda aliniangalia — wee! Lakini hakukuwa na muda wa kuniua. Usubi ulishuka kama moshi, ukaingia masikioni, puani, kwenye jemu. Serikali nzima ikakimbia! Nyumbani hakukaliki, madirisha yote wazi. Mahali pamoja tu hapana dirisha. Nikapiga kelele: nifuateni mimi!

Nikawaingiza kwenye chumba cha kukaushia nguo. Chumba changu.

Peigi angecheka mpaka akae chini. Wabunge wa Uskoti kwenye benchi langu, magoti yamegusana, boila linanguruma, gambuti zimepinduliwa juu ya vigingi nyuma ya vichwa vyao, na harufu — harufu ya miaka arobaini na tatu ya soksi mbichi. Mimi nikiisikia nahisi nimefika nyumbani. Wao walihisi vingine. Haldane kajifunga leso puani. Mwingine alikaa na kofia ngumu ya mtumbwini kichwani, sijui alidhani usubi utavunja fuvu.

Bi. Tulloch katazama juu, kaona kamba yangu. Na hizi je?

Soksi yatima, mheshimiwa. Kila kundi linaacha soksi moja-moja, pacha zake zimekwenda na mtoto. Sizitupi. Wakirudi wakubwa watazitaka.

Wanarudi?

Nikamwambia wanarudi na wake, wanarudi na waume, wanarudi na watoto wao, mmoja karudi ni dereva wa lori, kasimamisha lori barabarani akashuka kuja kunusa chumba hiki halafu akaenda zake. (Hilo ni kweli. Gari lilikuwa dogo.) Nikaeleza jiwe na rundo. Nikaeleza sukari ya Peigi. Walicheka mpaka wakasahau kujikuna. Kamanda kasimama mlangoni ameuma mdomo, na mimi ndiyo nimekolea!

Haldane akatoa leso puani. Kasema taratibu, bila ubaya: vizuri, mzee. Lakini hayo ni ya watoto wenye miguu. Tukipitisha sheria ya kila mtoto, ni kila mtoto. Wa kiti cha magurudumu naye? Anabaki chini anatazama wenzake?

Nikainuka. Nilipaswa kukaa. Nikainuka.

Nikasema: mheshimiwa, tangu nimekuwa hapa, hakuna hata mmoja aliyelala Lurach akaondoka bila kufika kwenye rundo lile. Hata mmoja. Asiyeweza kutembea, namfikisha mimi.

Wewe? Mpaka leo?

Mpaka leo. Mimi huyu.

Nikasikia karani anaandika.


Ijumaa, 13 Juni

Upepo mkali! Leo! Shenzi.

Kamanda hasemi na mimi. Kaacha mafuta ya kutuliza muwasho mlangoni kwangu, lakini kayaweka kwa kelele.


Jumatano, 18 Juni

Kamanda kanivuta ofisini. Kwenye kompyuta kuna taarifa ya kamati, yote yaliyosemwa, na mimi nimo. Nimeandikwa shahidi! Shule niliiacha kabla ndevu hazijaota na leo ni shahidi. Nikamwomba anisomee mara mbili.

Mara ya pili hakunisomea vizuri. Sauti ilikuwa chini. "Hakuna hata mmoja." Kasema: mzee Lachie, hiyo ni kweli?

Nikamwambia ni kweli. Enzi zetu ni kweli kabisa, muulize yeyote, waulize mawe. Akaniuliza: na tangu Mama Peigi afariki? Nikamwambia tangu hapo hajaja mtoto wa kiti. Hiyo nayo ni kweli. Shule hazimleti. Zinadhani hatuwezi.

Basi sikia, kasema. Kamati imegawanyika nusu kwa nusu. Kura ni Jumatano ijayo, saa kumi na moja jioni, Bunge zima. Haldane ana watu wanaomfuata, akiinama wanainama. Kampigia Kamanda simu. Kauliza kundi gani linakuja mwisho kabla shule hazijafungwa. Kamanda kamwambia: watoto wa mji wa Greenock, na kati yao yupo msichana wa kiti cha magurudumu, Jodie. Haldane kasema: nitakupigia Jumatano kabla ya kura. Nitauliza jambo moja tu. Alifika?

Nikacheka. Nikasema, hiyo ndogo tu!

Kamanda hakucheka. Kasema, mzee wangu, una miaka sabini na minane. Na akiuliza nitamjibu ninachokiona kwa macho yangu. Rundo linaonekana kutoka dirisha la ofisi. Nikimwona mtoto pale, nitasema nimemwona. Nisipomwona, nitasema sijamwona.

Ninamheshimu Kamanda. Anakera, lakini namheshimu.

Jioni nimesokota kamba mpya za kiti. Mikono bado inajua. Halafu nikapanda kupima njia. Nilifika kwenye geti. Safari hii nililishika. Nimekaa pale nikiangalia juu. Kupita hapo sijapita tangu nilipopeleka jiwe la Peigi. Si magoti peke yake.


Jumatatu, 23 Juni

Wamefika! Kelele! Nyumba ina pumzi tena.

Zamani ilikuwa wiki nzima, siku hizi ni Jumatatu mpaka Jumatano, ndicho walichomudu. Mwalimu wao Bi. Nasreen Dar, kijana, mcheshi, kaja na sufuria yake ya dengu asije akategemea uji wangu peke yake. Watoto wakashuka, wakatazama mlima. Na mmoja, Mungu anihifadhi, mmoja akauliza: nani kauweka hapo?

Nilitaka kumbusu. Nikamjibu: mimi, kwa toroli. Ilinichukua asubuhi nzima.

Jodie kateremshwa mwisho. Miaka kumi na mmoja, nywele nyekundu, mdomo kama wembe. Kanitazama toka juu mpaka chini.

— Wewe ndiye Soksi?

— Nani kasema?

— Unanuka.

Tutaelewana.


Jumanne, 24 Juni

Hatuelewani.

Asubuhi nimemwonyesha kiti cha makasia. Nilikipiga rangi, nimeweka na mto! Kakitazama. Kasema: mimi si gunia.

Nikasema Archie alibebwa kama sultani. Kasema basi mbebe Archie. Kasema kila mahali wanambeba, kwenye basi, kwenye ngazi, na kila wakimbeba wanampiga picha halafu wanajisifu wao. Wewe unataka kujisifu, Soksi. Mwalimu ametuambia umesema bungeni.

Nikauchukua mto, nikaubana kwapani. Nazeeka.

Bi. Nasreen kasema pembeni, usimlazimishe, baba. Nikamwambia simlazimishi. Nimerudi zangu kugeuza soksi. Nikawaza, basi ndiyo imekwisha, na imekwisha kwa haki. Mtoto hadaiwi mlima kwa sababu mzee fulani ana mdomo mpana.

Mchana walitoka na mitumbwi. Jodie yumo, kafungwa vizuri, anapiga kasia kama ana ugomvi na maji. Karudi amelowa mpaka mifupa, kaingia chumbani kwangu. Wenzake wamekwenda kula. Kaegesha kiti chake karibu na boila, mvuke unamtoka kichwani. Nilimpa soksi yatima mbili, moja ya kijani, moja ya mistari. Kazivaa. Kisha akauliza, huku haniangalii: na lako lipo? Juu?

— Nini?

— Jiwe.

Nikamwambia langu halipo. Wa hapa hatuweki, tunawekewa tukifa. Lakini la mke wangu lipo, jeupe, kama yai. Nilimwambia tu, sikuongeza kitu. Akauliza ulilibeba wewe? Nikasema ndiyo. Lilikuwa zito? Nikasema hapana. Halafu nikasema ndiyo.

Akazivuta soksi juu. Akasema: nitapanda. Lakini ninaongoza mimi. Nikisema simama, mnasimama. Nikisema kushoto, kushoto. Hakuna picha. Na wewe unashika mbele, nikuone.

Nikampigia saluti. Lurach sasa ina makamanda wawili.


Jumatano, 25 Juni

Naandika nimekaa kwenye jiwe karibu na geti. Herufi zimepinda — ni penseli mbovu. Haya, si penseli.

Tuliondoka baada ya chakula cha mchana. Watoto wote wamebeba mawe yao, kila mtu kachagua kama anachagua mtoto wa mbwa. Jodie kaokota jeusi lenye mstari mweupe, kaliweka mapajani. Mimi na Bi. Nasreen mbele, vijana wawili wa Kamanda wanaofundisha mitumbwi wako nyuma. Jodie juu, soksi moja ya kijani, moja ya mistari. Kushoto, Soksi! Matope hayo, Soksi! Hujambo huko, au umekufa? Nikamwambia nikifa nitakujulisha. Watoto wakaanza kuimba. Matusi yale yale ya mpira! Miaka hii yote, wimbo ule ule! Bi. Nasreen akajifanya hasikii.

Nilisahau magoti kabisa mpaka yalipojikumbusha wenyewe.

Tumetua hapa tupumzike. Chini naona ofisi, dirisha, na Kamanda kasimama kama nukta. Simu itakuwa mbele yake. Saa kumi imepita.

Na juu — hakuna juu. Wingu limeshuka. Lilikuja polepole kama ng'ombe anarudi zizini, likalala kwenye kilima kuanzia hapo mbele ya geti mpaka rundoni. Weupe mtupu. Kamanda hataona mtoto, hataona mzee, hataona kitu. Haldane atauliza, naye atasema: sijamwona. Namjua. Hataongeza na hatapunguza.

Mmoja wa vijana wa nyuma kasema, basi tuishie hapa, mzee. Umefanya vya kutosha. Kwa wingu hili nani atajua? Tukae kidogo, tushuke, tuseme tulifika. Neno lako tu.

Neno langu! Wote wakanitazama. Hata watoto. Mimi, niliyeujenga mlima kwa toroli.

Nikamwambia: kijana, mimi naongeza chumvi kwenye uji, hilo nchi nzima inajua. Lakini lazima uji uwepo.

Bi. Nasreen kanishika bega. Lakini baba, hata tukifika, hawataona. Kura haitatungoja. Nikasema najua. Labda Kamanda atatuamini tukirudi, labda Bwana Pesa-Wapi ameshapiga kura yake. Labda Oktoba nitazima boila na kuzikunja soksi zote, na sijui mtu anazikunjaje soksi zisizo na pacha.

Nimeingiza mkono mfukoni. Nilikuwa nimeokota jiwe na mimi. Dogo, la kijivu, halina uzuri. Hatuweki, tunawekewa — lakini nani atakuja kutuwekea, wakifunga?

Jodie kanyoosha shingo: Soksi, unaandika nini?

— Naandika kwamba unanisumbua.

— Andika kwamba nimesema twende.

— Hakuna kitu kule juu, mwanangu, ni wingu tu.

— Kuna mawe. Wewe mwenyewe umesema. Na la mkeo, kama yai. Unaogopa?

Magoti mabaya. Geti lina kutu. Kutoka ofisini sasa hivi, kwa mbali, nasikia simu inaita. Inaita. Kamanda hajaishika bado, nadhani anatutazama sisi. Jodie kashika jiwe lake kwa mikono miwili, anahesabu kwa sauti, akifika tatu anataka tuinue. Moja, kasema. Penseli mfukoni, nafungua geti.